Kuanza Kifaransa Sekondari: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Dar es Salaam Anayeanzia Kwenye Kiswahili

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayechagua Kifaransa jijini Dar es Salaam huingia darasani akiwa tayari na lugha mbili: Kiswahili alichokulia nacho, na Kiingereza ambacho bado anahangaika nacho. Kwa kuwa masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na vitabu vingi vya Kifaransa anavyovipata vinaeleza sarufi kwa Kiingereza, mwanafunzi huyo hulazimika kufanya kazi mara mbili, kwa maana anawaza kwa Kiswahili, anahamishia wazo hilo kwenye Kiingereza, kisha ndipo anapoanza kutafuta Kifaransa chake. Mimi nilipita njia hiyo. Katika jaribio langu la kwanza niliandika "Je suis quinze ans", nikiwa nimeifuata sentensi ya Kiingereza neno kwa neno, na mwalimu akapiga mstari mwekundu chini ya "suis" na kuandika pembeni neno moja tu: "ai". Muhula ulikaribia kwisha ndipo nikang'amua kwamba jibu nilikuwa nalo tangu utotoni, kwa sababu Mswahili hasemi "mimi ni miaka kumi na mitano". Husema "nina miaka kumi na mitano", na Mfaransa naye husema "j'ai quinze ans", yaani vilevile, nina miaka kumi na mitano.

Mwongozo huu unashika njia ya kutoka Kiswahili moja kwa moja hadi Kifaransa. Umepangwa kwa kufuata mwaka wa kwanza wa masomo, na kila hatua inaonyesha mahali ambapo Kiswahili kinamsaidia mwanafunzi, na pia mahali ambapo kinamponza.

Hatua ya kwanza: vifaa

Vifaa visikuchukulie muda. Daftari mbili zinatosha, moja ya kazi za darasani na nyingine ndogo ya msamiati inayoingia mfukoni. Kama nyumbani kuna simu janja, hata kama ni ya mama na unaipata jioni tu, ongeza kibodi ya Kifaransa kwenye mipangilio, na ujue kwamba ukibonyeza herufi "e" na kuishikilia utaona é, è, ê na ë zikijitokeza. Alama hizo ni sehemu ya tahajia, na neno lisilo na alama yake huhesabiwa kuwa limekosewa.

Hatua ya pili: masikio na kinywa kwa wiki sita za mwanzo

Hapa ndipo ninapomshauri mwanafunzi akae muda mrefu kuliko mahali pengine popote, hata kama darasa limeshakimbilia mbele kwenye sarufi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na silabi zake karibu zote huishia kwa vokali. Kifaransa hakifuati desturi hizo. Konsonanti ya mwisho wa neno mara nyingi haitamkwi, hivyo "petit" husikika kama "peti" na "Paris" kama "Pari", ilhali "petite", kwa sababu ya ile "e" iliyoongezwa mwishoni, hurudisha sauti ya "t". Mswahili asiyezoeshwa mapema hutamka kila herufi anayoiona, na akifika kwenye konsonanti mbili zilizofuatana huzitenganisha kwa vokali, hadi "table" inakuwa "tabule". Dawa yake ni kulisikia neno kabla ya kuliona: mwombe mwalimu alitamke mara tatu, litamke wewe mara tatu, kisha ndipo uliandike.

Wanafunzi wengi huandika matamshi kwa tahajia ya Kiswahili chini ya maneno ya Kifaransa. Nimeona daftari lenye ukurasa mzima wa namna hiyo: "Comment allez-vous" mstari wa juu, na "komantalevu" kwa wino wa bluu mstari wa chini. Siikatazi desturi hii moja kwa moja, kwa kuwa inampunguzia mwanafunzi woga wa siku za mwanzo, lakini iandikwe kwa penseli na ifutwe baada ya wiki mbili. Mwenye daftari lile alikuwa akisoma mstari wa chini tu, na ilipokuja imla akaandika "komantalevu" hivyo hivyo.

Sauti zenye kuhitaji kazi ya pekee ni chache. Ya kwanza ni "u" ya Kifaransa, ambayo si "u" yetu. "U" yetu wao huiandika "ou". Ili kuipata, tamka "i" ya "mimi", shikilia sauti hiyo bila kuusogeza ulimi, kisha viringa midomo kana kwamba unataka kupiga mluzi. Fanya zoezi hili mbele ya kioo, kwa sababu midomo ikilegea sauti hurudi kuwa "i". Usilidharau, kwani "dessus" maana yake ni juu na "dessous" maana yake ni chini, na kati ya maneno hayo hakuna kinachotofautiana ila sauti hiyo moja.

Ya pili ni tofauti kati ya "le" na "les". Kwetu zote zingekuwa "le", na kosa hilo lina gharama kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa kuwa "s" ya wingi haitamkwi, "livre" na "livres" husikika sawasawa kabisa, na msikilizaji hujua kama kitabu ni kimoja au ni vingi kwa kuisikia vokali ya kile kijineno cha mbele. Vokali ya "les" iko karibu na "e" yetu; ya "le" ni fupi, hafifu, na midomo huviringika kidogo.

Sauti ya tatu ni "r", na hapa mwana wa Pwani ana bahati. Walimu huwaambia wanafunzi wakwaruze koo, nao hukwaruza hadi wanakohoa. Anza badala yake na "gh" ya "ghali", "lugha" na "ghafla", ukiitamka kama anavyoitamka mzee anayejali Kiswahili chake, bila kuigeuza kuwa "g". Sauti hiyo iko jirani sana na "r" ya Kifaransa. Isogeze nyuma kidogo tu kuelekea kidaka tonge, na "Paris" itatoka vizuri zaidi kuliko ukiitumia "r" yetu inayotikisa ncha ya ulimi.

Nne ni zile vokali za puani, kama katika "bon", "vin" na "sans". Sisi tunayo "ng'" ya "ng'ombe", na ndiyo inayotuponza, kwa sababu mwanafunzi huimalizia "bon" kwa "ng'" kamili. Hewa ipite puani wakati vokali inatamkwa, lakini nyuma ya ulimi isiguse kaakaa mwishoni. Kuhusu mkazo, sheria ni nyepesi: Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa huuweka kwenye silabi ya mwisho ya fungu la maneno. Mwanafunzi anayesahau hilo hueleweka hata hivyo, kwa hiyo asilikoseshee usingizi.

Hatua ya tatu: nomino pamoja na ngeli yake

Kila nomino ya Kifaransa ni ya kiume au ya kike, na Waingereza huliona jambo hili kuwa kero kubwa. Mtu aliyekua akisema "kitabu kile kizuri kimepotea" hana sababu ya kulalamika. Hatujawahi kuuliza kwa nini kiazi kimo katika ngeli ya KI-VI na ndizi imo katika I-ZI. Tumezipokea nomino pamoja na upatanisho wake. Kifaransa kina ngeli mbili tu za namna hiyo, na upatanisho hutapakaa kwenye sentensi nzima kama ulivyo kwetu: "la petite fille est contente", ambapo kijineno cha mbele na vivumishi vyote viwili vimemfuata msichana.

Kwa hiyo, katika daftari ndogo usiandike kamwe "table" peke yake. Andika "une table", na "un livre", ukitumia "un" na "une" badala ya "le" na "la", kwa kuwa "le" na "la" zikitangulia vokali humezwa na kuwa "l'", na jinsia ya nomino haionekani tena. Miisho nayo husaidia kubahatisha: maneno yanayoishia kwa "-tion" na "-ette" kwa kawaida ni ya kike, na yanayoishia kwa "-ment" na "-age" kwa kawaida ni ya kiume, ingawa "page", "plage" na "image" ni ya kike na yanapaswa kukaririwa yalivyo. Vivumishi vingi hukaa baada ya nomino, kama kwetu, hivyo "gari jekundu" ni "une voiture rouge". Vichache vya kila siku, kama "petit", "grand", "bon" na "beau", hutangulia.

Hatua ya nne: sentensi zinazotoka moja kwa moja kwenye Kiswahili

Ukishakuwa na maneno kama mia moja hivi, tenga jioni moja uandike sentensi zako za kila siku kwa Kiswahili, kisha uzihamishie kwenye Kifaransa bila kupitia Kiingereza. Utashangaa. "Nina njaa" ni "j'ai faim", "nina kiu" ni "j'ai soif", "nina usingizi" ni "j'ai sommeil", na kote Mfaransa ametumia kitenzi cha kuwa na kitu, kama wewe. "Ninakula" ni neno moja, na "je mange" ni kiwakilishi na kitenzi basi. Anayepitia Kiingereza ndiye anayeandika "je suis mange", ambayo si Kifaransa. Swali la "Je, unasema Kiswahili?" huwa "Est-ce que tu parles swahili ?", ambapo "est-ce que" inasimama mwanzoni na kufanya kazi ileile ya "je" yetu bila kuvuruga sentensi inayofuata. Angalia tu kwamba "je" ya Kifaransa ni "mimi", na herufi yake ya kwanza hutamkwa kama "sh" iliyotiwa mngurumo.

Ukanushi nao una sura inayofanana. Sisi tunamkanusha mtu kwa kukifungia kitenzi pande zote mbili: "anasema" huwa "hasemi", yaani kuna "ha-" mbele na "-i" nyuma. Wafaransa hufunga vivyo hivyo kwa "ne" na "pas": "il parle", "il ne parle pas". Katika mazungumzo utawasikia wakiiangusha "ne", lakini katika mtihani iandike.

Nitakaa kidogo kwenye umilikaji, kwa sababu ndipo penye alama nyingi zinazopotea. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniletea insha kuhusu familia ya rafiki yake wa kiume, na kila mahali alikuwa ameandika "son": "son père", "son mère", "son maison". Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba rafiki huyo ni mvulana. Nikamwomba aniambie kwa Kiswahili kitabu cha mvulana yule, nyumba yake na viatu vyake. Akasema: kitabu chake, nyumba yake, viatu vyake. Nikamuuliza kwa nini amebadilisha "ch-" kuwa "y-" kisha "vy-" ilhali mvulana ni yule yule. Alinyamaza, akachukua kalamu, na akarekebisha insha yote bila kuniuliza tena: "son père", "sa mère", "sa maison", "ses chaussures". Umilikaji wa Kifaransa hufuata kitu kinachomilikiwa, kama wetu, na haumwambii msomaji kama mwenye kitu ni mwanamume au mwanamke. Kighairi kimoja tu kinafaa kujulikana mapema: mbele ya nomino ya kike inayoanza kwa vokali hutumika "son", ili vokali mbili zisigongane, kama katika "son amie".

Baadaye, pengine mwaka wa pili, utakutana na viwakilishi vya mtendwa, na hapo tena utakuwa nyumbani. "Ninakuona" inaweka "-ku-" kabla ya mzizi wa kitenzi, na "je te vois" inaweka "te" mahali palepale.

Kiingereza nacho kisitupwe. Kinakusaidia kwenye msamiati wa kitaaluma, kwa kuwa maneno kama "nation", "important" na "question" yanafanana kwa maandishi, na kinakusaidia kukumbuka kutenganisha "il" na "elle", jambo ambalo "a-" yetu haituzoeshi na ambalo Waswahili hulikosea hata baada ya miaka mingi. Lakini kina mitego yake: "librairie" ni duka la vitabu na maktaba ni "bibliothèque", "monnaie" ni chenji, "pain" ni mkate.

Hatua ya tano: vitenzi vinne kabla ya vingine vyote

Kariri "être", "avoir", "aller" na "faire" katika wakati uliopo, nafsi zote, hadi uweze kuvisema ukiwa unafua nguo. Vitenzi vinavyoishia kwa "-er", ambavyo ndivyo vingi zaidi, ni vyepesi kwa masikio kuliko kwa macho: "je parle", "tu parles", "il parle" na "ils parlent" hutamkwa sawasawa, na tofauti iko kwenye maandishi tu. Kwa "aller" utapata wakati ujao wa bure, kwani "je vais manger" ni nitakula, na kwa "avoir" utatengeneza wakati uliopita utakapofika kwake. Kuhusu "tu" na "vous", mtu anayejua ni nani wa kuamkiwa shikamoo hahitaji maelezo marefu: "vous" ni kwa mwalimu, mzee, na mtu usiyemfahamu.

Hatua ya sita: saa na namba

Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na saa za Kifaransa huanza usiku wa manane, kwa hiyo "saa moja asubuhi" ni "sept heures", na mwanafunzi anayeandika "une heure" amempeleka mwenzake kwenye miadi usiku mzito. Kwa saa za mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza sita: saa nane mchana ni 14, "quatorze heures". Kwa saa moja hadi saa tano usiku ongeza kumi na nane, hivyo saa mbili usiku ni "vingt heures". Kuanzia saa saba usiku hadi alfajiri toa sita.

Namba ni nyepesi hadi 69. Baada ya hapo Wafaransa husema sitini na kumi kwa 70, na ishirini mara nne kwa 80, hata 95 ikawa "quatre-vingt-quinze", yaani nne mara ishirini na kumi na tano. Ukimsikia Mkongo au Mrundi akisema "septante" kwa 70 na "nonante" kwa 90, hajakosea. Hizo ni namba za Kifaransa cha Ubelgiji, iliyotawala kwao. Zielewe usikiapo, lakini katika mtihani wako andika zile za Ufaransa.

Hatua ya saba: kusikia Kifaransa nje ya darasa

Dakika 15 kila siku zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi. TV5 Monde, televisheni ya lugha ya Kifaransa, ina mazoezi ya bure mtandaoni kuanzia A1, yaani daraja la mwanzo kabisa, yenye video fupi na maswali, na hapo ndipo pa kuanzia. Redio RFI nayo hutoa taarifa ya habari kwa Kifaransa chepesi ya kama dakika 10. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado ni nzito, hivyo aisikilize kwa kuwinda namba, majina ya nchi na siku za juma tu. Pakua sauti ukiwa penye intaneti ya bure ili usimalize bando la nyumbani, kisha usikilize ndani ya daladala. Foleni ya Mbagala au ya Tegeta inatosha kurudia zoezi moja mara nne.

Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, iko Upanga, Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na huendesha kozi za kulipia pamoja na maonyesho ya sanaa na muziki. Mwanafunzi asiye na ada ya kozi aulizie shughuli zilizo wazi kwa umma. Na kuna Kariakoo. Bandari ya Dar es Salaam hupokea mizigo mingi ya Kongo, nchi ambayo tangu 2022 ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wafanyabiashara wa Lubumbashi na Bukavu hufuata bidhaa kwenye maduka yetu. Tatizo ni kwamba wengi wao wanajua Kiswahili, na wakikuona unababaika watakihamia kwa huruma. Mwambie mwanzoni kabisa, kwa heshima, kwamba unajifunza: "Bonjour monsieur, j'apprends le français." Usitegemee nyimbo za dansi la Kongo, nyingi zimeimbwa kwa Kilingala.

Hatua ya nane: kujiandaa kwa mtihani

Kuanzia muhula wa pili, fanya imla mara moja kwa juma na mwenzako, mmoja akisoma aya ya mistari mitano na mwingine akiandika, kisha msahihishe kwa kulinganisha na kitabu. Tumieni kalamu nyekundu kwa makosa ya upatanisho pekee, ili mwone yanavyopungua. Pata mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani mapema, hata kama hujui nusu ya maswali, kwa kuwa ukiujua muundo wake utajua muda wako uende wapi.

Anayetaka kipimo cha nje ya shule anaweza kufanya DELF, mitihani ya Ufaransa ya kupima Kifaransa cha wageni, ambayo ina toleo la vijana wa sekondari. Kila daraja hupima stadi nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kwa alama 25 kila moja. Kufaulu ni alama 50 kati ya 100, bila kushuka chini ya 5 katika stadi yoyote, na cheti chake hakina ukomo wa muda. Kwa mwanafunzi aliyezifuata hatua hizi kwa bidii, A1 mwishoni mwa mwaka wa pili ni lengo linalofikika.

Ukifika wakati wa kuchagua masomo ya kuingia nayo kidato cha tatu, wengi hukiacha Kifaransa kwa kuangalia alama ya muhula mmoja. Kabla ya kuamua, chukua insha yako ya kwanza ya kidato cha kwanza na uisahihishe mwenyewe kwa kalamu nyekundu, bila kitabu. Hesabu makosa uliyoyaona na umpelekee mwalimu ayahesabu upya. Akiongeza machache tu juu ya yale uliyoyaona mwenyewe, jiandikishe.